Nilikaona Kamwiko Kako Kamechinjwa

Mpendwa mjukuu wangu Hadija, mke mwenzangu,

Usishituke kuona karatasi. Hakuna aliyekufa. Mi mzima, goti tu ndilo linanisumbua, na yule jogoo wako mwenye kiburi tulimla siku ya Idi, usiniulize zaidi. Anayeandika ni Mama Saidi, jirani yetu wa ukuta mmoja, maana unajua kalamu mi naijua kwa kujikunia mgongo tu. Nimemwapisha asinipambe. Nikisema neno baya, aliandike baya. Akimaliza ataisoma kwa sauti kwenye kundi la familia, wote wasikie, halafu karatasi yenyewe itapanda basi na wafanyabiashara wanaokuja huko Lusaka. Kwa nini wote wasikie? Kwa sababu nilichokufanyia nilikifanya mbele ya wote.

Ningeweza kukupigia. Kisanduku cha intaneti kipo ukutani, taa zake za kijani zinanitazama hapa nilipo. Lakini kwenye simu, nikiishiwa nguvu, nitasema rezo ni mbaya, mtandao unakatika, na we utaniamini. Umeshaniamini mara moja. Karatasi haina rezo ya kusingizia.

Unakumbuka kisanduku kilipoletwa? Baba yako mkubwa Ramadhani alikileta wiki zile unajiandaa kwenda kwa mama yako mdogo, kumsaidia duka la vitenge na kusoma masomo yako ya jioni. Alisema, "Mama, ukiwa na hiki, Hadija atakuwa kama yuko chumba cha pili." Mafundi wakakiweka juu ya kabati, wakawasha, wakaenda zao. Nikakitazama. Cheupe, kipya, kinameremeta, halafu kiko uchi. Nikakifumia kitambaa. Televisheni ina chake, redio ina chake, friji ina chake hata siku zile haikuwa na umeme wa kuiwasha. Kitu cha thamani kwangu hakikai uchi. Nikakivika, nikakisukuma ndani ya kabati nyuma ya masufuria yangu ya harusi, wezi wasikione.

We mutoto ulihangaika! Simu inakatika, sauti inakuja vipande vipande kama mutu anazama na kuibuka. Ukakagua prizi, ukakagua waya, ukatoka mpaka kwenye nguzo barabarani. Mwishowe ukafungua kabati, ukakaa chini kwa kicheko.

"Bibi! Umekivika kanzu?"

"Si kanzu, ni heshima."

"Heshima yako inakiziba pumzi. Gusa, kina moto kama pasi. Na haya masufuria yamekijengea ukuta, mtandao upite wapi?"

"Masufuria hayahami. Yamepika harusi yangu. Kahame hako kasanduku kako."

Kakahama. Ukakapigilia ukutani juu ya mlango, kakiwa uchi wa mnyama, na kila mgeni akiingia mi naona haya kwa niaba yake.

Halafu ukanikalisha unifundishe simu. Ulijua herufi kwangu ni mchwa tu, zinatembea. Ukasema hatutatumia herufi, tutatumia picha. Ukanionyesha kapicha kamoja: kichwa cha mviringo, mpini chini.

"Hii ni maikrofoni, bibi."

"Huo ni mwiko."

Ukaangalia vizuri. "Haya, ni kamwiko. Kamwiko kakiwa kazima, sauti yako inatoka. Kakipitiwa na mstari, kamefungwa. Utasema mpaka koo likauke, hakuna atakayekusikia."

"Kamechinjwa," nikasema.

Ulipenda hilo neno mpaka ukalipeleka Lusaka, nasikia hata mama yako mdogo analitumia. Lakini hukuniachia hapo. Ulinishika mkono, ukasema neno ambalo leo linanichoma kama mafuta ya kukaangia: "Na si kwako tu, bibi. Ukiona kamwiko kamechinjwa pale kwenye picha yangu, ujue mi ndiye sisikiki. Usiseme nimenyamaza. Niambie nikafufue."

Nilisema nimeelewa. Mama Saidi, andika hivyo: nilielewa.

Tulifanya mazoezi, unakumbuka? We ukatoka na simu ya Ramadhani mpaka kwa muuza mkaa hapo nje ya dirisha, mi nikabaki sebuleni. Ukaniambia, "Bibi, sema kitu." Nikasema, "Nisemeje?" Ukasema, "Chochote." Nikasema, "We mubaya, uliniacha na vyombo." Mara nikasikia kikongwe mwingine ananirudia nyuma, *uliniacha na vyombo, vyombo, vyombo*. Nikamtukana. Ukarudi mbio, machozi ya kicheko yanakutoka: "Bibi, huyo ni wewe! Simu mbili ziko wazi karibu karibu, sauti inazunguka." Na mi kilichoniuma ni kwamba sauti yangu ni mbaya hivyo na babu yako hakuwahi kuniambia.

Ulipofika Lusaka tukapambana na lile jambo lingine, la sauti kuchelewa. Mi nauliza umekula, napata kimya, nauliza tena, jibu la kwanza linagongana na swali la pili, wote tunasema pamoja, wote tunanyamaza pamoja. Nikakukaripia: "Tangu lini unanikata maneno, mutoto we?" Ukaeleza kwamba neno linasafiri, linapita pengi kabla ya kufika. Ndipo tukatengeneza sheria yetu. Aliyemaliza kusema anasema "shika", kama anayepokeza mwenzake sahani. Mwingine anasema "nimeshika", halafu ndiyo anajibu. Ramadhani na ndugu zake walitucheka, wakasema tunaongea kama polisi. Wacheke. Ramadhani hajawahi kumaliza sentensi na mtu kwenye simu. Sisi tulikuwa tunapepeta mchele pamoja, mi huku Kanyosha, we huko, kila mmoja na ungo wake, na neno halimwagiki.

"Mchele wa huku una mawe, bibi. Shika."

"Nimeshika. Una mawe kwa sababu unachagua na macho ya uvivu. Shika."

Sasa nifike kwenye lile.

Watu wa Ruziba walipokuja na posa, nilifurahi kuliko wote, na sitajificha. Kijana namjua, mama yake namjua, nilianza kununua ndagala, dagaa wa ziwani, kwake kabla hujaota meno. Hakuna ubaya kwao. Lakini furaha yangu haikuwa ya kijana. Ilikuwa ya Ruziba. Kutoka hapa mpaka Ruziba hata mi na goti langu naweza kwenda na kurudi siku moja. Nilikuona umeolewa pale, nilikuona unaingia mlangoni kwangu na samaki wa mukeke kwenye kikapu, unalalamika kuhusu mume. Lusaka ilikwisha kichwani mwangu. Sikufikiri kingine.

Baba yako hayupo, Mungu amrehemu, kwa hiyo Ramadhani ndiye aliyekaa na wanaume sebuleni. Wanawake walikuwa chumbani kwangu, na mi ndiye niliyetumwa kukuuliza, kama desturi. Ramadhani alikuwa amefungua simu ya kundi ili hata jamaa wa Carama wasikie. Kila mtu na simu yake, nyumba moja, ukawa mngurumo ule ule wa mazoezi yetu, mara kumi. Ramadhani akapiga kelele: "Fungeni maikrofoni wote! Hadija, na we funga, tutakwambia ufungue." Ukafunga, kwa adabu yako. Kamwiko kakachinjwa pale kwenye picha yako ya kilemba cha njano.

Hakuna aliyekwambia ufungue.

Nikashika simu, nikafungua kamwiko kangu, nikakuuliza: "Hadija, mwanangu, watu wa Ruziba wamekuja kwa heri. Unaridhia?" Sikusema shika. Mama Saidi alikuwa amekaa karibu yangu siku ile, na sasa ameacha kuandika, ananitazama. Andika. Sikusema shika.

Nilingoja kidogo. Nikatazama picha yako. Nikakaona kamwiko. Nikaona mstari umekapita katikati, mwekundu, wazi kama ninavyouona mkono wangu. Nilijua maana yake. Mwanamke ambaye hajui hata kusoma jina lake alisoma kile kitu kimoja, kwa sababu wewe ulimfundisha. Nikasimama, nikaenda mlangoni, nikawaambia wanaume: "Amenyamaza."

Unajua kwetu neno hilo ni nini. Mwari akiulizwa akanyamaza, tunasema haya imemshika, ameridhia. Mi mwenyewe niliulizwa hivyo, nimefunikwa khanga mbili, shangazi ananipumulia sikioni. Nilinyamaza. Lakini nilikuwa nimekaa nao chumba kimoja, Hadija, na kama ningetaka kukataa ningekataa, na shangazi angesikia. Nilinyamaza kwa sababu nilimtaka babu yako mpaka meno yalikuwa yananigonga. Hicho ndicho kimya tunachokihesabu. Cha kwako hakikuwa kimya. Ulikuwa unaongea.

Vigelegele vikapasuka. Nikatazama simu, kamwiko kakawa kazima, picha yako ikazungukwa na ule mwanga unaokuja mtu akisema. Mwanga unawaka, unawaka. Nikaiweka simu kifudifudi kitandani, nikapiga kigelegele na mi.

Kesho yake ulinipigia. Sauti yako ilikuwa chini.

"Bibi, jana ulinisikia? Shika."

Sikusema nimeshika. Nilisema, "Rezo ilikuwa mbaya, mwanangu."

Basi ukaanza kazi. Mutoto we, ukaanza kutafuta ugonjwa wa kisanduku kizima! "Bibi, taa ya katikati ilikuwa rangi gani?" Nikasema nyekundu. Ilikuwa kijani siku nzima. "Ulikifunika tena?" Nikasema kidogo tu. Sikukifunika. Ukasema nizime, nihesabu taratibu, niwashe. Nikazima, nikawasha. Ukasema nipande kiti nikaze waya, nikapanda kiti na goti hili, we unanihimiza, "Polepole bibi, shika ukuta, usianguke," na mi juu ya kiti nakaza waya uliokazwa, nalia kimya kimya na unafikiri nahema.

Halafu ukasema, na hili sijalisahau hata neno: "Mi nilisema apana, bibi. Nilisema na kurudia, sikukumbuka nimefunga, hata nilipofungua nikasema tena. Lakini kama ni rezo, nimlaumu nani? Neno limeshatoka mbele ya watu. Sitakuaibisha uzeeni. Nitakuja."

Tangu siku ile unanipigia Ijumaa, unauliza goti, unasema "sawa, bibi", unakata. Hukusema shika tena. Mi nangoja neno, nangoja, simu imeshazima.

Ningekaa nalo, Hadija. Nakwambia ukweli wote, ningekaa nalo mpaka kaburini, maana tarehe ya nikaha ilikuwa imewekwa na mi nilikuwa nimeshachagua khanga. Kilichonivunja ni mzigo wako. Mama mmoja wa hapa, anayekuja huko Lusaka kununua vitenge, alirudi akaniletea kifurushi. Ndani ya kitenge kizuri umefunga waya. Waya mpya, mrefu, mweupe. Akasema, "Hadija amesema kisanduku kisogezwe mpaka kando ya kitanda chako, ili maneno yako yasipotee tena." Nikakaa nao mapajani mpaka chai ikapoa. Nilikudanganya, na we ukaenda sokoni ukanunulia uongo wangu waya.

Nikamwita Mama Saidi juu ya ukuta. "Vaa viatu, twende Ruziba."

"Kuna nini?"

"Naenda kujitia aibu. Sitaki kwenda peke yangu."

Tuliwakuta, mama mtu anaanika ndagala, kijana mwenyewe anasaidia kutandaza. Nikasema nilichokuja nacho nikiwa nimesimama, kabla hawajanipa mkeka. Mama mtu akashika kiuno.

"Kwa hiyo unatuambia bi harusi alikataa?"

"Nakwambia sikumsikiliza."

"Si ulisema kanyamaza?"

"Nilisema. Simu yake ilikuwa imefungwa, na niliona imefungwa."

"Uliona?" Akamtazama Mama Saidi kama anayetafuta shahidi kwamba nina homa. "We mwanamke, na uzee huo! Nimeshawaambia ndugu zangu wote mpaka Rumonge!"

"Waambie bibi wa Kanyosha ni mwongo. Ni kweli, hutapata dhambi."

Kijana alikuwa kimya. Mi sasa kimya cha watu nakiogopa, nikamwambia, "We sema, baba, usinyamaze." Akajifuta mikono kwenye suruali. Akasema, "Bibi, mi niliambiwa ananitaka. Kama sivyo, afadhali nijue leo nikiwa naanika samaki kuliko nijue nikiwa na mke ndani." Halafu akatufungia ndagala za kurudi nazo, na mi nikazikataa, na mama yake akasema, "Chukua, mwongo we, usituongezee dhambi ya kumfukuza mzee mikono mitupu." Nikazichukua. Nzuri, hazikuwa na mchanga.

Ramadhani hasemi na mi vizuri. Alikuja, akazunguka sebule, akasema, "Mama, umetuvua nguo familia nzima." Nikamjibu nimemvua nguo Hadija kwanza, na yeye ndiye aliyesema atamwambia afungue, hakumwambia. Akakaa. Baadaye akaomba chai. Utamsamehe kwa wakati wako, we ndiye unayejua.

Nikaha imesimamishwa. Hakuna tarehe. Kisanduku kiko pale pale juu ya mlango. Waya wako sijaufunga na sitaufunga, nimeuweka ndani ya sufuria kubwa ya harusi. Natamani ningekuwa na la kujitetea. Wenzangu wananiambia, "Lakini ulikuwa unampenda, ulitaka awe karibu." Nakupenda, ndiyo. Na kwa mapenzi hayo hayo nilikuziba mdomo. Sijui nifanye nini na hilo. Nikiwa jikoni nasonga bugali, nautazama mwiko mkononi, nashikwa na aibu nikiwa peke yangu.

Kingine. Nimegundua sijui kwa nini ulikataa. Sijui kama ni kijana, au ni masomo, au ni kwamba kuna mwingine, au hutaki kabisa habari za waume. Nilikuuliza unaridhia mbele ya nyumba nzima, lakini kukuuliza unataka nini, wewe, nikiwa nakusikiliza, sikuwahi. Nimekulea tangu mama yako atuache, nimekufunga nepi, nimekutoa chawa, nikajiona najua. Sijui. Huhitaji kuniambia. Lakini ukitaka, nina masikio.

Na usije kwa sababu ya huruma. Usije kwa sababu nimezeeka. Babu yako alikuwa akikuita mke wake mdogo, akisema wewe ndiye utakayenirithi jiko, na mi nilikuwa nakufukuza na ufagio. Jiko lipo. Likungoje au lisikungoje, hilo ni lako kuamua.

Sasa nakuuliza upya, hapa mbele ya wote waliosikia vigelegele vile. Nimeambiwa barua ikisomwa kwenye kundi kila mtu atafunga maikrofoni yake, isipokuwa Mama Saidi anayesoma, na wewe. Ya kwako nimemwambia Ramadhani asiiguse. Unaridhia posa ya Ruziba, au huridhii? Ukijibu leo, nitasikia. Ukijibu mwakani, nitasikia. Ukinyamaza, Hadija, hakuna mtu katika nyumba hii atakayesimama mlangoni kuwaambia wengine kimya chako kinasema nini. Tutakaa na kimya chako kama kilivyo, na mi nitapepeta mchele wangu.

Nimemaliza.

Shika.

Bibi yako wa Kanyosha,
mke mwenzako